Kifaa cha Kuonyesha Njia Milimani

Msimu wa baridi ndio wakati jamaa zetu wengi hapa Oman hupanda na watoto kwenye milima ya Hajar. Njia ya Wadi Bani Awf, itokayo Al Hamra kuteremkia upande wa Rustaq, ina miteremko mikali na kona zinazopita ukingoni mwa magenge. Yataka gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na dereva ajuaye aendako.

Simu ya mkononi peke yake haitoshi. Mtandao ukipotea nayo haina ramani ndani, hubaki alama tu juu ya kioo kitupu. Basi anunuaye kifaa cha GPS na atazame mambo matatu. Kwanza, ramani yenye mistari ya mwinuko iwe imehifadhiwa ndani yake. Pili, kipokee satelaiti za Marekani, Urusi, Ulaya na China kwa pamoja, kwani kuta za korongo huziba sehemu kubwa ya mbingu. Tatu, kiwe na betri za kubadilisha, na kioo kisomekacho juani.

Hata hivyo, kifaa hakioni mvua. Kitakuelekeza njia fupi ipitayo wadini, ilhali mafuriko yanateremka kutoka juu. Ukiona mawingu mlimani, rudi. Ukikuta maji yanapita, usivuke. Nyumbani waachie habari za njia yako na saa ya kurejea. Heri kuchelewa kufika kuliko kutofika.