Mazungumzo ya Jioni: Ngoma, Inanga na Nyumba ya Mkristo

Mwalimu mmoja wa upande wa Kibondo ameniletea swali. Baba yake mkubwa, aliye katika darasa la ubatizo, anayo inanga tangu ujana wake. Je, aitupe kabla ya siku ile? Swali hili lanihusu kuliko ajuavyo aliyeliuliza, wala sitaki kulijibu kwa haraka.

Yatupasa kwanza kupambanua, maana hapa Buha vyombo vya kupigwa havikuwa na kazi moja. Ngoma kubwa zilikuwa za mwami. Ingoma ni kile chombo, tena ni ufalme wenyewe. Ndivyo wasemavyo na jirani zetu Warundi, ambao ngoma yao kuu iliitwa Karyenda, nayo ilikuwa na miiko mingi. Utawala wa machifu wa kwetu uliondolewa mwaka 1963, na ufalme wa Burundi ukakoma mwaka 1966. Lakini wapigaji wa Burundi wangali wakipiga, na mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma yao katika urithi wa wanadamu wote.

Habari ya Kiranga ni nyingine. Wazee husimulia ya kuwa alikuwa mwindaji hodari. Rwanda humwita Ryangombe. Mama yake aliota ndoto mbaya, akamsihi asiende mwituni. Hakusikia. Nyati akamwua, na mti wenye maua mekundu, ambao Kiswahili huuita mwamba-ngoma, ukawa mti wake hata leo. Wafuasi wake walimkumbuka kwa nyimbo, kwa manyanga na kwa kucheza, hata mmoja wao akasema kwa sauti ya yule aliyekufa. Hapo wimbo wenyewe ndio sala. Mkristo hawezi kuuimba na kusema ni mchezo tu. Na mzee aliyepata kubandwa ajua hayo kuliko mwalimu wake.

Lakini inanga? Ni ubao uliochongwa kama hori, wenye nyuzi za kano za ng'ombe. Mpigaji huinama juu yake, akaimba kwa sauti ya chini, karibu na kunong'ona, ili nyuzi zisikike. Mara nyingi huimba habari za ng'ombe, vita na wafalme. Daudi alimpigia Sauli kinubi, wala hatukumlaumu. Nao Wayunani walikuwa na hadithi ya Orpheus, ambaye wanyama wakali walitulia waliposikia kinubi chake, akashuka hata kwa wafu kumtafuta mkewe. Wakristo wa kale wa Rumi walimchora huyo Orpheus katika makaburi yao ya chini ya ardhi, wakimaanisha Kristo. Miungu ya Wayunani waliiacha, kinubi hawakukivunja.

Basi, ndugu mwalimu, keti na baba yako mkubwa, umwambie apige, usikilize aimba nini. Kama ni wimbo wa Kiranga, atakuambia mwenyewe. Kama ni habari za wazee, chukua daftari.

Mimi sikufanya hivyo. Nilipokuwa kijana mwenye cheti kipya, mzee mmoja wa darasa langu aliniletea inanga yake, akaniuliza neno lilo hilo. Sikumwuliza aimba nini. Nikamwambia azikate nyuzi. Akazikata mbele yangu bila kunung'unika, na ule ubao mkewe akaufanya chombo cha kulishia kuku.

Miaka ikapita. Nikataka kuandika habari za abami wa Heru kwa ajili ya watoto wa shule, nikamwendea mzee yule. Akaanza vizuri, alipofika jina la tatu akakwama. Vidole vyake vilikuwa vikitembea juu ya goti, kama vyatafuta kitu.

"Mwalimu," akasema, "maneno yalikuwa yakija na nyuzi."

Nikarudi nyumbani na daftari lenye majina mawili.