UKURASA WA NYUMBANI: Uchungu na Utamu kwa Kahawa ya Rwanda

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga. Lakini mwenyeji hapaswi kumponza mgeni wake. Kinywaji cha juma hili ni cha watu wazima, cha glasi moja kabla ya chakula cha jioni, kwa yule asiye na zamu wala usukani usiku huo.

Asili yake ni Negroni ya Italia. Husimuliwa kwamba mwaka 1919, mjini Florence, Camillo Negroni alimwomba mhudumu Fosco Scarselli aitie nguvu Americano yake kwa kuweka jin mahali pa maji ya soda. Tangu hapo kanuni ni sehemu tatu zilizo sawa: jin, Campari iliyo chungu, na vermuti nyekundu, yaani divai tamu iliyotiwa mitishamba.

Mjini Kigali inafaa kuongeza sehemu ya nne: kahawa. Zao hili liliingizwa Rwanda na wamisionari wa Kijerumani, huko Mibirizi, mwaka 1904. Aina ya Bourbon, inayolimwa kwa wingi kwenye vilima vya nchi hiyo, ina utamu wa asili unaopatana na uchungu wa Campari.

Vipimo vya glasi moja

Jin, mililita 30
Campari, mililita 20
Vermuti nyekundu, mililita 20
Kahawa kali iliyopoa, mililita 20
Barafu, na ganda la chungwa lililooshwa

Asiye na kipimo cha baa atumie kikombe kidogo cha dawa chenye alama za mililita, baada ya kukisafisha vizuri.

Namna ya kutengeneza

Vijiko viwili vikubwa vya kahawa iliyosagwa vitiwe maji ya moto mililita 150. Baada ya dakika 4 ichujwe na kuachwa ipoe kabisa, kwa kuwa kahawa ya moto huyeyusha barafu na kinywaji kikawa chapwa. Barafu itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa; nguvu ya pombe haitoshi kusafisha maji machafu.

Vyote vinne vitiwe katika jagi lenye barafu na kukorogwa polepole kwa nusu dakika. Kisha vichujwe katika glasi yenye barafu mpya. Ganda la chungwa likunjwe juu ya glasi ili mafuta yake yaruke, ndipo liangushwe ndani. Uchungu ukizidi, sukari isitiwe. Iongezwe vermuti mililita 5. Chupa ya vermuti iliyofunguliwa ikae ndani ya jokofu, maana ni divai nayo huharibika.

Jin ipi?

Inunuliwe chupa iliyofungwa kiwandani, yenye lebo na kiwango cha pombe. Kigali yenyewe ina 1000 Hills Distillery, ambayo jin ni mojawapo ya pombe zake. Kanyanga kamwe isitumiwe. Imepigwa marufuku nchini Rwanda, na pombe inayokenekwa kwa siri huweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na hata kuua. Harufu ya chungwa na ladha ya kahawa huificha sumu, haziiondoi.

Kahawa haileti fahamu

Wako wanaoamini kwamba kahawa huondoa ulevi. Sivyo. Kahawa hufukuza usingizi tu. Pombe hubaki damuni mpaka ini liitoe, na kazi hiyo haiharakishwi. Mnywaji hujiona mzima ilhali mkono wake ni mzito na macho yake yanakosea umbali. Hiyo ndiyo hatari ya kinywaji hiki.

Hesabu ni hii: jin ikiwa ya asilimia 40, Campari 25 na vermuti 16, glasi moja ina mililita 20 hivi za pombe halisi. Glasi mbili zimeizidi chupa kubwa ya bia ya mililita 720 yenye asilimia 5. Mwili huhitaji kama saa mbili au zaidi kuimaliza glasi moja. Polisi ya Taifa ya Rwanda ilianzisha kampeni ya Gerayo Amahoro, yaani fika kwa amani, mwaka 2019. Nayo huanzia mezani, kabla ufunguo wa gari haujashikwa.

Kwa mwenye zamu na dereva

Glasi ijazwe barafu, itiwe maji ya toniki mililita 120, kisha kahawa baridi mililita 60 imiminwe taratibu, kwa kuwa hutoa povu. Ganda la chungwa hukamilisha. Uchungu wake hutokana na kwinini, ile iliyotumika kutibu malaria, ingawa kiasi kilichomo ni kidogo mno kuwa dawa. Watoto na mama wajawazito waandaliwe maji ya matunda.

Glasi zote ziwe za namna moja, ili asiyekunywa pombe asiulizwe sababu. Hapo mgeni ataheshimika, na askari atafika lindoni alfajiri akiwa na akili timamu.