MASHAURI YA NYUMBANI: Motokari-nyumba na Mkia Wake



Kaka yangu mkubwa anakaa Ubelgiji, karibu na mji wa Namur, pamoja na shemeji na watoto wetu watatu. Mama yetu naye yuko kwao, huu mwaka wa sita. Miguu ya mama imechoka; hawezi tena kwenda mbali ila kwa kiti cha magurudumu kiendacho kwa umeme. Kwa sababu hiyo, likizo zinapofika, jamaa ile haisafiri pamoja. Baba akienda na watoto, shemeji hubaki na mama. Mwaka ufuatao wanabadilishana. Mama huona haya, hujiona kuwa ni mzigo wa nyumba, ingawa hakuna aliyemwambia neno.

Mwezi uliopita kaka aliniletea habari ya furaha. Kwa miaka minne walikuwa wameweka akiba, na sasa walikuwa wamepata motokari-nyumba, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Mama atapata kitanda chake na choo karibu naye, na wote sita watasafiri siku moja. Kiti cha umeme, baiskeli za watoto, meza na hema vitawekwa katika trela itakayovutwa nyuma. Mwuzaji alimwambia, «Gari hili linavuta kilo 2,000. Usiwe na shaka.» Alitaka jibu kabla ya Jumamosi.

Kaka alinitumia kwa simu picha za gari, za cheti chake, na za kile kibao cha chuma ambacho mtengenezaji hukipigilia mwilini mwa gari. Hakuniomba shauri, aliniomba nifurahi pamoja naye. Lakini mimi ni mwalimu wa hesabu, na mwalimu wa hesabu akiona namba hawezi kuzipita bila kuzisalimu. Kesho yake nikaziandika ubaoni mbele ya wanafunzi wa mwaka wa sita, nikawaambia: «Watu sita wanataka kupanda gari hili. Je, waende?»

Nawaandikia hesabu yetu kwa sababu wasomaji wengi wana ndugu Ulaya, na wengine hapa kwetu wananunua magari yatokayo huko na vyeti vyao.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya cheti cha gari hutumia alama zilezile, hata lugha ikiwa nyingine. Penye S.1 pameandikwa hesabu ya viti, pamoja na cha dereva. Anza hapo, wala usianze na vitanda. Magari mengi ya namna hii yana vitanda sita na viti vinne tu vyenye mikanda, na mtu hawezi kusafiri amelala kitandani, wala kukaa ndani ya trela gari likienda. Gari la kaka lilikuwa na viti sita. Hapo lilifaulu.

Penye F.2 pameandikwa uzito mkubwa ulioruhusiwa, gari likiwa limekwisha pakiwa: kilo 3,500. Penye G pameandikwa uzito wa gari likiwa tayari kwa safari, pamoja na dereva na mafuta: kilo 3,060. Dereva huhesabiwa kuwa na kilo 75. Kaka yangu amekwisha pita hapo siku nyingi, lakini wanafunzi walimsamehe.

Ondoa 3,060 katika 3,500: zinabaki kilo 440. Hizo ndizo mali yote aliyo nayo kaka kwa watu na vitu. Shemeji ana kilo 68, mama 72, watoto 54, 41 na 30. Jumla 265. Zimebaki 175. Tangi la maji lachukua lita 100, na lita ya maji ni kilo moja. Zimebaki 75. Nguo, matandiko, sufuria na chakula, tuseme kilo 12 kwa kila mtu, ni kilo 72. Zimebaki 3. Lakini mwenye gari wa kwanza alikuwa ameongeza turubai la kivuli, betri ya pili na ndoano ya kuvutia trela, kilo 60, ambazo hazimo katika cheti. Basi gari limekwisha pita uzito wake kwa kilo 57, na trela bado haijafungwa!

Hapa ndipo wengi hukosea. Hudhani kwamba trela hujichukua yenyewe kwa magurudumu yake, nalo gari huivuta tu. Sivyo. Ulimi wa trela hukaa juu ya ndoano na kuikandamiza. Kwa kawaida hutakiwa kukandamiza kwa kiasi cha 5 mpaka 7 kwa mia ya uzito wa trela, pasipo kupita mpaka ulioandikwa juu ya ndoano yenyewe. Ulimi ukiwa mwepesi mno, trela huanza kuyumba huku na huku kama mkia wa mamba. Trela ya kilo 700, kwa 6 kwa mia, huweka kilo 42 juu ya gari. Ziongeze juu ya zile 57: kilo 99 zimezidi.

Kijana mmoja akainua mkono: «Mwalimu, wamwage maji, wayachote wakifika!» Shauri jema, na madereva wenye akili hufanya hivyo. Tukiacha lita 20 tu, tunapata nafuu ya kilo 80. Gari bado limezidi kwa 19.

Tena zile 42 hazikai pamoja kwa upole. Ndoano iko nyuma ya gurudumu la nyuma. Ikiwa iko mita 2 nyuma yake, na kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma pana mita 4, ekseli ya nyuma hupata kilo 63, nayo ya mbele hupunguziwa 21. Ni kama ubao wa watoto wa kubembea: anayekaa nje sana huwa mzito kuliko alivyo. Na ikiwa gari husukumwa na magurudumu ya mbele, kama yalivyo mengi ya namna hii, hayo ndiyo yanayoanza kuteleza katika majani mabichi au kwenye kilima chenye matope. Kwa hiyo kibaoni usisome uzito wa gari zima tu. Soma na uzito wa kila ekseli.

Sasa tuangalie neno la mwuzaji, kilo 2,000. Hakusema uongo. Kwenye cheti, penye O.1, ndivyo ilivyoandikwa: trela yenye breki, kilo 2,000. Penye O.2, trela isiyo na breki, kilo 750. Lakini kibao cha chuma kina mstari mwingine, nao ni uzito wa gari na trela pamoja. Kwa gari lile ulikuwa kilo 5,000. Gari likijaa 3,500, trela yapata 1,500 tu. Hata likienda na dereva peke yake, kilo 3,060, zinabaki 1,940. Basi zile 2,000 za mwuzaji hazipatikani siku yoyote ile! Anayetaka kuvuta na atafute namba tatu: kiasi cha trela, kiasi cha ndoano, na kiasi cha vyote viwili pamoja. Iliyo ndogo ndiyo itawalayo.

Tena iko leseni. Kaka ana leseni B. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 19 Januari 2013, leseni hiyo yaruhusu gari lisilozidi kilo 3,500 pamoja na trela isiyozidi 750. Yeye alikuwa amechagua trela ya kilo 1,200, kwa kuwa ilikuwa na breki. Lakini sheria hutazama uzito mkubwa ulioandikwa, wala si uzito wa siku ile. Trela ya 1,200 nyuma ya gari la 3,500 ni 4,700, hata trela ikiwa tupu. Kwa hiyo ingempasa kufanya mtihani wa leseni BE. Ule mtihani mdogo wa alama 96 haumsaidii kitu, kwa maana mpaka wake ni 4,250, yaani 3,500 na 750 zilezile. Na anayetaka gari kubwa kupita 3,500 huhitaji leseni C1, ifikayo kilo 7,500. Sheria hubadilika; kila mtu na aulize katika ofisi ya leseni kabla ya kutoa fedha, wala si baada yake.

Pengine msomaji atasema: kilo 99 ni nini kwa gari kubwa vile? Hapa kwetu malori hubeba mara mbili ya kiasi chao, na hufika. Ndiyo, hufika, ila yale yasiyofika. Aliyeshuka Ngomo kutoka Bukavu kwenda Kamanyola amekwisha ona bondeni mabaki ya yale mengine. Mzigo hauonyeshi ubaya wake kwenye kilima cha kupanda. Hapo gari huchoka tu na kwenda polepole. Huonyesha ubaya wake katika kushuka, breki zinapopata moto, na nyuma yako trela inakusukuma. Matairi nayo hupasuka kwa joto na uzito, na mara nyingi hupasuka siku ya likizo, kwa sababu ndiyo siku ya mzigo na ya jua. Ulaya tena polisi hupima magari barabarani, na mwenye kuzidisha hulipa, au huambiwa ashushe mzigo palepale. Atamshusha nani? Mama?

Nikamwandikia kaka hesabu yote, kwa heshima, maana mdogo hamfundishi mkubwa wake bila kuchagua maneno. Nikamwambia: «Kaka, usianze na gari. Anza na watu wako, kisha kiti cha mama, kisha trela, halafu utafute gari litakaloweza kuvichukua. Liache lililo zuri, utafute lililo jepesi. Ukipata lenye G ya 2,850, utakuwa na kilo 650. Toa watu 265, vitu 72, ndoano na vingine 60, ulimi wa trela 42, na maji yote 100. Zinabaki 111. Hapo utalala usingizi. Trela na iwe ya 750. Uinunue yenye breki, ijapokuwa sheria haikulazimishi, na vitu vizito uviweke juu ya ekseli yake, wala si mwishoni. Ikianza kuyumba, uondoe mguu kwenye mafuta, ushike usukani sawasawa, usikanyage breki kwa nguvu. Katika kushuka, weka gia ndogo mapema. Na kabla ya kununua, kodi gari la namna hiyo kwa juma moja, ulijaze watu na vitu vyote, ulipeleke kwenye mizani ya malori.»

Kaka alinyamaza siku tatu. Nilijua ameudhika. Miaka minne ya akiba si kitu kidogo, na watoto walikuwa wamekwisha gawana vitanda. Jumamosi ikapita. Jumapili jioni akaandika maneno machache tu: «Nimemkatalia. Mwambie yule kijana wa maji kwamba namshukuru.»

Wiki mbili baadaye wakakodi gari la wazi, lisilo na mapambo, pamoja na trela ndogo, wakaenda milima ya Ardennes, mpaka La Roche, kwenye mto Ourthe. Walipita kwanza kwenye mizani, wote sita wakiwa wamekaa vitini na trela imefungwa. Kwanza wakalipima gari: magurudumu yake peke yake yalionyesha kilo 3,410. Halafu wakapima vyote pamoja, vikawa ndani ya mpaka. Kaka alinitumia picha ya karatasi ile, nami nikaibandika darasani karibu na ubao.

Lakini mama hakuniambia habari ya kilo. Alinipigia simu akiwa ukingoni mwa mto, nikasikia maji na sauti za watoto. Akasema, «Kiti changu kilishuka kabla yangu, kikaningoja. Tumekuja wote. Hakuna aliyebaki nyumbani kunilinda.»

Basi, wasomaji, ninyi mnaotaka kununua gari la jamaa, kubwa au dogo, Ulaya au kwetu: mwuzaji atawaonyesha vitanda, vioo na jiko. Mshukuruni, kisha mwombeni cheti na kibao. Mwiteni na mtoto wenu anayejua kutoa na kujumlisha, akae mezani pamoja nanyi na kalamu yake. Hesabu yake ya nusu saa yaweza kuwaokoeni na majuto ya miaka.

Na ninyi wanafunzi mnaouliza hesabu za darasani zitawafaa wapi, jibu liko ukutani mwa darasa letu, limeandikwa na mizani.

Mwalimu wenu