Wingi wa bunge ukihama, sisi tunabaki wapi?



Hapa Kiambi, kando ya mto Luvua, baada ya ibada watu huulizana: leo chama gani kina nguvu? Swali ni zuri, lakini liko lingine la kulitangulia: nguvu hiyo ilitoka wapi?

Tukumbuke. Uchaguzi wa Desemba 2018 ulimpa Félix Tshisekedi urais, lakini FCC ya Joseph Kabila ilipata zaidi ya viti 300 kati ya 500 vya Bunge la Taifa. Kifungu cha 78 cha Katiba kinataka Waziri Mkuu atoke upande wenye wabunge wengi. Kwa hiyo serikali iliongozwa na Sylvestre Ilunga, mtu wa FCC.

Kisha mambo yakageuka. Desemba 10, 2020 wabunge walimwondoa Jeanine Mabunda kwenye kiti cha spika. Mwisho wa Januari 2021 walipiga kura ya kutokuwa na imani na serikali, na Ilunga akajiuzulu. Hakukuwa na uchaguzi mpya. Wabunge walikuwa wale wale. Wengi wao walivuka tu na kuingia Umoja Mtakatifu wa Taifa wa rais. Kifungu cha 110 kinasema mbunge anayeacha chama chake kwa kusudi anapoteza kiti. Lakini walihama muungano, si chama kwenye karatasi.

Wimbi hilo lilifika kwetu pia. Mwezi wa Mei 2021, Bunge la jimbo la Tanganyika lilimwangusha gavana Zoé Kabila, ndugu wa rais wa zamani, ambaye bunge hilo lilikuwa limemchagua mwaka 2019.

Matokeo kwa vyama ni makubwa. FCC ilisusia uchaguzi wa Desemba 2023, na Umoja Mtakatifu ukapata zaidi ya viti 400. Mei 22, 2025, Seneti, ambayo zamani ilikuwa mkononi mwa watu wa Kabila, ilimvua kinga. Aliyepoteza bunge alipoteza pia ngao yake.

Wapinzani waliobaki wana mikono mifupi. Ili kuleta hoja ya kuiangusha serikali, sahihi za robo ya wabunge zinahitajika, yaani 125. Hata hoja dhidi ya waziri mmoja inataka 50. Chama cha Moïse Katumbi peke yake hakifiki hapo. Upande wa pili, Kifungu cha 218 kinaruhusu wabunge na maseneta, wakikutana pamoja na kufikisha tatu ya tano, kupitisha marekebisho ya Katiba bila kuwaita wananchi kwenye kura ya maoni. Kwa wingi wa leo, hilo si ndoto.

Hata hivyo, Umoja Mtakatifu si chama kimoja. UDPS ina viti vichache kuliko washirika wake wakiwekwa pamoja. Septemba 2025 Vital Kamerhe, mshirika mkubwa, alijiuzulu uspika akikabiliwa na hoja za wabunge wenyewe. Kwa hiyo mashindano ya kweli leo yako ndani ya nyumba ile ile. Na waliovuka mwaka 2021 wanaweza kuvuka tena upepo ukigeuka.

Basi, tusiwe kwaya ya chama chochote. Rangi ya chama haitatuambia mbunge atasimama wapi kesho. Tuangalie kura zake: juu ya Katiba, juu ya madini ya Manono, juu ya amani kati ya Watwa na Waluba. Vikao vya kawaida hufungwa Juni 15 na Desemba 15. Akirudi kwa Noeli na kukaa nasi kanisani, tumpe kiti, tumsalimu kwa heshima, kisha tumuulize: ulipovuka, ulituuliza?