Mbio za Gusii Hazikutoka Katika Damu

Si zamani sana, katika mhadhara wa Utangulizi wa Isimu, nilikuwa nikieleza jinsi lugha za Kenya zinavyogawika katika makundi ya Kibantu, Kiniloti na Kikushi. Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Nyamira, akainua mkono na kuuliza iwapo mgawanyo huo ndio unaoeleza kwa nini "sisi Wabantu" hatukuumbiwa riadha. Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa maana niling'amua kuwa kijana yule hafanyi mzaha. Nilimwuliza kama amewahi kusikia jina la Nyandika Maiyoro. Akajibu kwamba alilisikia kwa babu yake, ila alidhani ni mtu wa hekaya.

Basi nikaliacha somo la siku ile, nikawasimulia msimu wa mwaka 1954.

Wakati huo Nyamira ilikuwa bado sehemu ya Kisii, nchi imo katika Hali ya Hatari, na serikali ya kikoloni ikapeleka ng'ambo timu ndogo ya wanariadha Waafrika chini ya Archie Evans, afisa wa michezo. Walianzia London mwezi Julai, katika uwanja wa White City. Nyandika alishiriki mbio za maili tatu. Alichomoka kama mshale, akawaacha Waingereza kwa makumi ya yadi. Hatimaye Fred Green na Chris Chataway walimfikia, wakampita, na wote wawili wakavunja rekodi ya dunia kwa dakika 13 na sekunde 32.2. Nyandika alikuwa wa tatu, kwa dakika 13 na sekunde 54.8.

Aghalabu anayesimulia habari hii hukomea hapo: Mwafrika hodari asiyejua kupanga mwendo wake, nguvu za maumbile zisizo na akili. Lakini msimu haukuishia London. Majuma machache baadaye, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Vancouver, Nyandika alikutana tena na wale wale. Chataway alishinda, Green akawa wa pili, Frank Sando wa tatu na Nyandika wa nne. Mpenda medali atasema alirudi nyuma kwa nafasi moja. Hebu tutazame saa: dakika 13 na sekunde 43.8. Mtu huyu alikuwa amepunguza sekunde 11 katika muda usiotimia mwezi! Damu yake haikubadilika akiwa safarini. Kilichobadilika ni maarifa. Miaka miwili baadaye, katika Olimpiki ya Melbourne, alimaliza wa saba katika mita 5,000. Na mwaka 1960 kule Rome akawa wa sita. Huyo ni mtu anayejifunza.

Wala hakuzuka kichakani. Chama cha riadha cha Kenya kiliundwa mwaka 1951, na kabla ya hapo palikuwapo mashindano ya lokesheni, ya wilaya na ya mikoa yaliyowachuja vijana hatua kwa hatua. Ukoloni ulikuwa na sababu zake za kuwashughulisha vijana wetu kwa michezo, na sina nia ya kuusifu. Lakini uwanja ulikuwapo, na tarehe ya mashindano ilijulikana.

Sasa nirejee kwenye taaluma yangu, maana ndiyo inayosingiziwa hapa. Istilahi "Bantu" ilienezwa na Mjerumani Wilhelm Bleek katika karne ya 19 ili kutaja familia ya lugha. Waswahili husema watu, Abagusii husema abanto. Ufanano wa aina hiyo ndio aliouona. "Kiniloti" nacho ni kibandiko cha lugha. Hakuna mwanaisimu aliyewahi kupima mapafu ya mtu kwa kuchunguza ngeli za nomino zake. Hata hivyo, vitambulisho hivi vimetoka katika vitabu vyetu vikaingia viwanjani, na leo mtoto wa Nyamira anaambiwa, kwa jina la sayansi, kwamba mbio ni za jirani zake wa Bonde la Ufa.

Ni nani basi aliyeiletea Kenya dhahabu ya kwanza ya Olimpiki? Ni Naftali Temu wa Nyamira, katika mita 10,000, Mexico City, mwaka 1968. Timu ya kupokezana vijiti ya mita 400 mara nne iliyoshinda Munich mwaka 1972 ilikuwa na Charles Asati, Hezekiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Watatu wa kwanza ni wana wa Gusii. (Ouko huyu ni wa Manga, wanafunzi wasimchanganye na waziri aliyeuawa mwaka 1990.) Yeye na Sang, ambaye ni Mnandi, walisoma na kukimbia pamoja katika chuo cha North Carolina Central huko Marekani, chini ya kocha LeRoy Walker. Mbantu na Mniloti, kocha mmoja, uwanja mmoja! Na aliyekuwa wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27, mjini Oslo mwaka 1993, ni Yobes Ondieki wa Kisii.

Walimu wenzangu, tujiulize kipindi cha michezo kilichoandikwa kwenye ratiba kinakwenda wapi. Nimeona kikimezwa na hesabu, nimeona kikimezwa na marudio ya mtihani. Kisha tunashangaa medali zimehamia kwingine, na badala ya kutazama ratiba tunatazama ukoo.

Nyandika alifariki mwaka 2019. Wazee waliomwona akikimbia wamesalia wachache, na insha za Kiswahili huandikwa kila juma madarasani. Mwanafunzi wa Keroka au Nyansiongo aliyetumwa kumhoji mzee mmoja atarudi na jambo lisilopatikana katika kitabu chochote cha kiada.

Juma lililofuata kijana wangu alibaki nyuma baada ya mhadhara, akataka kujua ule mwendo wa Vancouver ni wa kasi gani kwa kilomita. Tukapiga hesabu ubaoni: dakika 2 na sekunde 50 na kidogo, kilomita baada ya kilomita. Akanakili tarakimu hizo daftarini, chini ya orodha ya ngeli.