Kiko cha Baba na Chupa ya Spiriti



Mama mmoja ametuandikia akiomba ushauri. Mume wake anavuta kiko, na kila Jumamosi ni kazi ya mama huyu kukisafisha pamoja na visahani vya majivu ya sigara vya wageni. Amekuwa akitumia spiriti. Sasa jirani amemwambia kwamba petroli au thina ya rangi hung'arisha haraka zaidi. Anasema kila akimaliza kazi hiyo kichwa humuuma, na sasa ana mimba ya miezi minne. Anauliza: je, kuna madhara?

Ndiyo, mama, madhara yapo. Yanakuhusu wewe na mtoto uliyembeba, na yanawahusu pia watoto wanaocheza uani na majirani mnaochota nao maji kisima kimoja.

Kwanza tuelewe jinsi vitu hivi vinavyofanya kazi. Uchafu mweusi unaonata ndani ya kiko ni lami ya tumbaku iliyochanganyika na nikotini. Spiriti, petroli, thina na asetoni (ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha) huyeyusha lami hiyo, ndiyo maana kazi huonekana nyepesi. Lakini vyote hukauka upesi na kugeuka mvuke, na mvuke huo unauvuta wewe uliyeinama juu ya beseni. Kutoka mapafuni huingia katika damu. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu ni mwili unaokuonya. Mama mjamzito asifanye kazi hii kabisa, kwa sababu yanayoingia katika damu yake yanaweza kumfikia mtoto tumboni. Petroli ni mbaya zaidi, kwa kuwa ina benzini, ambayo imethibitishwa kusababisha saratani ya damu.

Mikono nayo isisahauliwe. Nikotini hupenya ngozi. Wanaovuna tumbaku mbichi, kazi inayojulikana sana kule Tabora, wanaweza kutapika na kupata kizunguzungu kwa kushika majani yaliyolowa tu, bila kuvuta hata sigara moja. Unapoiyeyusha nikotini ya kiko kwa spiriti na kuifuta kwa mikono mitupu, unaipaka ngozi yako mwenyewe.

Hatari ya pili ni moto. Mvuke wa petroli, thina na asetoni ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi, bali hutambaa chini sakafuni bila kuonekana. Asetoni hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi kali kuliko yoyote tunayoijua huku kwetu, na petroli vivyo hivyo. Basi mama anaweza kuwa anasafisha kiko upande huu wa jikoni, na jiko la mkaa likawa upande ule, naye akadhani yuko salama. Mvuke ukilifikia jiko, moto hurudi hadi kwenye beseni. Spiriti nayo hushika moto katika joto la kawaida la chumba, na mwali wake mchana hauonekani vizuri.

Mwenye kiko naye yumo hatarini. Dawa iliyobaki ndani ya mrija huingia kinywani na mapafuni mwake anapowasha. Wako wanaoleta nyumbani dawa za kusafishia vyuma kutoka kazini, wasijue zimetengenezwa kwa nini. Baadhi ya dawa hizo zina klorini, na zikipata moto zinaweza kutoa fosijini, gesi ya sumu iliyotumika vitani katika Vita Kuu ya Kwanza ya mwaka 1914 hadi 1918. Dawa ya kiwandani isitumike kamwe kwa kitu kinachowekwa mdomoni.

Hatari ya tatu ndiyo inayotuumiza sana sisi wazazi. Spiriti, petroli na mafuta ya taa katika nyumba nyingi hununuliwa kidogo kidogo na kutiwa ndani ya chupa ya soda. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma. Yeye anaijua chupa ya soda. Akimeza petroli au mafuta ya taa, hata kiasi kidogo kinaweza kuteleza na kuingia mapafuni na kuyaunguza. Spiriti ya kuwashia aghalabu huwa na methanoli, ambayo mwilini hugeuka sumu inayoweza kuleta upofu na kifo. Dalili zake zinaweza kuchelewa hadi kesho yake, hivyo usidanganyike ukimwona mtoto anacheza.

Likitokea hilo, usimtapishe mtoto, kwa sababu anapotapika mafuta huingia mapafuni kwa urahisi. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula, ingawa wengi wetu tulifundishwa hivyo na bibi zetu. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, kisha mkimbize hospitali ukiwa na ile chupa mkononi ili daktari ajue alichomeza. Dawa ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha nenda hospitali. Aliyeungua kwa moto apozwe kwa maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno wala yai.

Sasa, yale maji meusi yaliyobaki kwenye beseni tuyamwage wapi? Wengi huyamwaga mtaroni au chooni. Mtaro huishia mtoni. Choo cha shimo hupeleka dawa ardhini, na kama kisima kiko karibu, tunaweza kuinywa tena. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu, lakini si njia ya kuondoa petroli majini. Tena petroli iliyomwagwa chooni hutoa mvuke ndani ya shimo, na mtu akitupa humo kipande cha sigara chenye moto, shimo linaweza kulipuka. Dawa safi iliyobaki mpe fundi anayeitumia katika kazi yake. Matambara yaliyolowa yaanikwe nje, mbali na moto na watoto, hadi yakauke kabisa. Yasitiwe jikoni kuwashia mkaa.

Njia iliyo salama ni ya zamani na ya bei ndogo. Kwa visahani vya bati, shaba au udongo, mwaga majivu, loweka kwa maji ya moto na sabuni, kisha sugua kwa majivu ya jikoni au chumvi na kipande cha ndimu. Suuza, anika juani. Chupa ya kioo ya shisha, kwa wale ambao vijana wao wanayo, itie maji ya uvuguvugu, sabuni, chumvi ya mawe na maji ya ndimu, uitikise, kisha usugue kwa brashi ndefu. Kiko cha mti kisilowekwe, kitapasuka. Kikishapoa kabisa, kikwanguliwe masizi taratibu na kufutwa ndani kwa kitambaa kikavu. Mrija utolewe na uoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Vaa glavu, fanyia kazi nje ya nyumba, na nawa mikono kabla hujamshika mtoto. Kiko kikifutwa kila baada ya kuvutwa, lami haipati nafasi ya kuganda.

Lakini, mama mwenzangu, lipo neno moja zaidi. Kiko ni cha baba, na si vibaya baba akikisafisha mwenyewe, hasa sasa ukiwa mjamzito. Mwambie kwa upole, siku ambayo ametulia na ameshiba, wala si mbele ya wageni au watoto. Mweleze yaliyoandikwa hapa. Mwombe kwanza avutie nje. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni 1 kati yao hawakuwa wavutaji, bali walivuta moshi wa wengine. Wengi wa hao waliishi nyumba moja na mvutaji.

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu. Hekalu la mume wako ni la Bwana, na la kwako pia, hata la huyo mdogo ambaye bado hamjamwona. Kumwombea mume aache tumbaku na kukataa kuvuta sumu kwa ajili ya kiko chake ni mambo yanayokwenda pamoja. Wala usimhesabu kuwa adui. Wavutaji wengi wanatamani kuacha, ila hawajapata wa kuwasaidia.

Leo jioni, kabla ya sala ya familia, kagua chini ya meza na nyuma ya mlango wa jikoni. Chupa yoyote ya soda yenye kitu kisicho soda iondoe. Mafuta yasiyokosekana nyumbani yatiwe katika chombo chake chenye maandishi na kifuniko kinachokaza, yawekwe juu, katika kabati lenye kufuli.

Mungu azilinde nyumba zenu hadi mwezi ujao.