GOTI LA MTOTO NI MALI, TUSILIACHE LIKAUKE

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu pamoja na bwana wako, leo hatuzungumzi juu ya kofia ngumu wala maski ya vumbi. Tunazungumza juu ya goti la mtoto mdogo aliyekatwa mguu chini ya goti.

Pengine utasema: «Habari hiyo hainihusu.» Ngoja kidogo. Mtoto hukanyagwa na gari barabarani. Mtoto huungua moto. Mtoto huumwa na nyoka, watu wakafunga mguu kwa kamba na kuikaza mpaka damu isipite. Mwingine amevunjika mfupa tu, lakini mabanzi ya mtaani yakafungwa kwa nguvu, mguu ukaoza. Mambo hayo hayachagui nyumba ya mkubwa wala ya mdogo.

Munganga anapokata, hujitahidi kuliacha goti, na anajua sababu. Mtoto mwenye goti lake atapanda ngazi, atacheza mpira, na atachoka kidogo kuliko yule aliyekatwa juu ya goti. Ninyi mnaofanya kazi na mashine mnafahamu: kiungio kisichotembea hukauka, na kukifungua ni kazi kubwa kuliko kukitunza. Goti ni hivyo hivyo. Baada ya kukatwa mtoto anasikia maumivu, anakunja goti, anabaki hivyo mchana na usiku. Misuli ya nyuma ya goti inafupika. Na goti lililoganda limekunjwa halikubali vizuri mguu wa kubandika.

Nasema hayo kwa sababu nilikosa mimi mwenyewe. Miaka iliyopita nilikuwa nikienda kumfunga kidonda mtoto wa miaka 4 katika lupango moja. Mama yake alikuwa ameweka mto chini ya goti, mto mzuri wa kitenge, alioushona kwa upendo. Niliuona mara ya kwanza, nikauona mara ya pili. Nikaangalia kidonda, kilikuwa safi, nikafurahi, nikaenda zangu. Kidonda kilipopona, goti lilikataa kunyooka. Ilibidi mtoto arudi hospitalini, afungwe jasi, afunguliwe, afungwe tena, wiki kwa wiki, ili goti linyooke polepole. Alilia sana. Watoto wa jirani walikuwa wakikimbia barabarani, yeye alikuwa bado anatambaa. Mama aliniuliza: «Munganga, mbona hukuniambia?» Sikuwa na jibu. Leo nawaambia ninyi.

KIFAA CHA KWANZA NI ATELE

Watu wengi wanafikiri kwamba kifaa cha kwanza cha mtoto huyu ni mguu wa kubandika. Sivyo. Kifaa cha kwanza ni atele ya kunyoosha goti, yaani banzi la hospitali lililotengenezwa kwa jasi au plastiki kwa kipimo cha mtoto mwenyewe. Linashika nyuma ya paja mpaka mwisho wa kigutu, na linafungwa kwa mikanda. Mtoto analivaa usiku na saa za kupumzika. Mchana linafunguliwa ili aoshwe, ngozi iangaliwe, na goti lifanye mazoezi.

Kwa mtoto mdogo sana anayevuta bandeji kila mara, munganga anaweza kuchagua jasi inayozunguka kigutu chote mpaka pajani. Jasi hiyo inalinda na kidonda pia. Lakini mtoto akilia bila kunyamaza, jasi ikinuka, au homa ikipanda, usingoje kesho. Mrudishe hospitalini.

Atele si kitu cha bei kubwa, na ndiyo maana watu wanaidharau. Mimi nasema: wiki chache za atele zinaweza kumwokoa mtoto na miezi ya taabu.

Nyumbani tufanye hivi:

1. Mto usiwekwe kamwe chini ya goti, hata kama mtoto anauomba.

2. Mtoto alale kifudifudi mara kadhaa kwa siku, achezee hapo mkekani.

3. Anapokaa kitini, wekeni ubao chini ya paja na kigutu, kisining'inie.

4. Mgongoni mwa mama ni pazuri, lakini si siku nzima, maana pale goti na nyonga vimekunjwa.

5. Mlaze chali. Goti lile linyooke sawa na la mguu mzima. Kama halinyooki, njoo wiki ile ile. Usilivute kwa nguvu.

TUSIOMBE CHUMA KISICHOHITAJIKA

Kidonda kikipona, na mtoto akianza kutaka kusimama, mguu wa kubandika usichelewe. Hapo akina baba wanakuja na ombi moja: «Mtengenezeeni ule wenye vyuma viwili pembeni na ngozi ya kufunga pajani. Ule ndio wenye nguvu.» Nafahamu wazo hilo. Wazee wetu waliona miguu ya namna hiyo, na zamani ndiyo iliyokuwa ya kawaida. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Berkeley, California, ulitengenezwa mguu unaopokea sehemu kubwa ya uzito kwenye kano iliyo chini ya kifuniko cha goti. Tangu wakati ule wengi waliokatwa chini ya goti wanatembea na goti lililo huru.

Kwa mtoto, mguu huo unashikwa na mkanda mdogo unaopita juu ya kifuniko cha goti. Mingine ina kikombe chenye kingo ndefu zinazokumbatia goti pande zote mbili, au soksi ya mpira inayopanda pajani. Mtoto mdogo sana ana paja nene na laini, mkanda unateleza; basi anaongezewa mkanda wa kiunoni.

Vyuma na ngozi ya paja vina kazi yao: goti likiwa legevu na kuyumba pembeni, kigutu kikiwa kifupi sana, au ngozi ya kigutu ikiwa haiwezi kubeba uzito. Hapo munganga akisema vyuma, tukubali. Lakini bila sababu hizo, vyuma ni mzigo. Vinaongeza uzito, na paja lililofungwa linakonda kwa kukosa kazi. Tunataka mguu ambao goti la mtoto litautawala, si mguu utakaolitawala goti.

Uzito ni jambo kubwa kwa mtoto. Hapa Kongo, vituo vya Goma na Bukavu vilivyosaidiwa na CICR vimetengeneza miguu ya polipropileni, plastiki nyepesi isiyooza kwa maji. Ufundi huo CICR iliuanza Kambodia mwanzoni mwa miaka ya 1990.

MTOTO ANAKUA

Unamnunulia mtoto viatu, na mwaka ujao havimtoshi. Mguu wa kubandika ni hivyo hivyo: mpaka miaka 5 hubadilishwa karibu kila mwaka. Atele nayo hupimwa upya. Kila jioni vua mguu, tazama kigutu. Wekundu usiotoweka baada ya dakika chache ni dalili kwamba kifaa kinabana.

Jambo lingine linawaogopesha wazazi. Mfupa uliokatwa katikati unaweza kuota ncha na kusukuma ngozi. Huo si uchawi, wala si ubaya wa jirani. Mfupa wa mtoto bado unakua. Pengine atarudi kwa munganga ukatwe tena kidogo.

Kwa hiyo, baba, usisahau siku ya kipimo. Na ninyi wakubwa wa kazi, mfanyakazi akiomba saa za asubuhi kumpeleka mtoto wake kupimwa, mpeni. Mtu mwenye mawazo juu ya mtoto wake hawezi kuangalia vizuri mahali anapoweka mkono wake mwenyewe.

Na mwisho, tusimfiche mtoto huyu ndani ya nyumba. Atoke, aende masomo, acheze na wenzake. Goti linapona kwa kutembea.

Mama yule aliniuliza mbona sikumwambia. Sasa nimewaambia. Kesho ukiona mto chini ya goti la mtoto wa jirani, na wewe usinyamaze.